Blanketi la viraka huharibikia kwenye beseni

Blanketi langu la kwanza la viraka lilikaa kitandani wiki tatu tu. Nilikuwa nimelishona kwa miezi miwili, usiku watoto wakishalala, kwa vipande nilivyovikusanya kwa mafundi cherehani wa Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kila aliyeingia chumbani alilishika na kulisifu. Kisha nikalifua. Kiraka kimoja cha kanga nyekundu kikachuja, kila cheupe kilichokuwa jirani kikageuka waridi. Vitenge vipya vikanywea, vipande vya poliesta vikabaki na urefu wake ule ule, na blanketi zima likafanya matuta kama shamba la viazi. Nililitandaza kwenye kamba nikalia.

Hiyo ilikuwa 2016. Tangu hapo nimeshona mengine tisa, na yote bado yanatumika, kwa sababu baridi ya hapa mwezi wa sita na wa saba haina mzaha na blanketi halipumziki. Wengi wananiuliza habari za rangi na mitindo. Mimi huanza kwa kuwauliza: umevifua hivyo vitambaa?

Mabaki yenyewe hayana shida kupatikana. Fundi akikata gauni au shati, pembeni hubaki vipande ambavyo havimfai tena, na wengi huvichoma moto. Nenda wiki moja kabla ya Idi au Krismasi, wakati kazi zimejaa. Nenda na kiroba chako, msalimie fundi vizuri, mweleze unachotaka, na usiende mikono mitupu. Mimi hupeleka maandazi na chai ya chupa. Fundi wangu sasa ananitengea vya pamba peke yake, na huo ni msaada mkubwa kuliko anavyojua.

Maana kosa langu la kwanza lilikuwa hilo, kuchanganya. Ukitazama kiraka kwa macho tu huwezi kujua kama ni pamba au poliesta, hasa vitenge vya siku hizi. Chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa kibanio, ziwashe kwa kiberiti juu ya sahani ya bati. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalopukutika. Poliesta huyeyuka, hujikunja, na kuacha kidonge kigumu cheusi. Tenga makundi mawili na usiyaunganishe kamwe katika blanketi moja. Sababu si kunywea tu. Pasi yenye moto wa kutosha kunyoosha pamba inaweza kuyeyusha poliesta iliyo jirani yake, na kiraka kilichoyeyuka hakitibiki.

Baada ya hapo fua kila kitu, hata kipya. Kitenge kipya huja na wanga unaokifanya kisimame wima dukani, na kikiguswa na maji wanga huondoka na kitambaa hunywea. Ni bora kinywee kabla hujakipima. Vipande vidogo ukivifua ovyo hufumuka na kufungamana kama mzizi wa nyasi, kwa hiyo vitie ndani ya foronya ya zamani, ufunge mdomo, ufue foronya nzima. Nyekundu, zambarau na kaniki zifue peke yake, maji baada ya maji, mpaka maji yatoke meupe. Kisha chukua kiraka kibichi, kilaze juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi. Kikiacha alama, bado kinachuja. Watu wataniambia nitie chumvi. Nimetia, mara nyingi, na ile nyekundu yangu iliendelea kuchuja kama kawaida. Kitambaa kisichokoma kuchuja baada ya kufuliwa mara tano mimi hukifanya tambara la jikoni, hata kiwe kizuri namna gani.

Sasa tuje kwenye rangi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mtu hufurahi na ndipo hupotea.

Kitenge kina kelele. Nasema kwa mapenzi, maana navivaa kila siku. Lakini ukiunganisha vitenge themanini tofauti bila chochote katikati, jicho halina pa kutua, na zile rangi ulizozipenda moja moja zinamezana. Kinachookoa blanketi ni kitambaa kisicho na maua. Kiraka kimoja kitupu kwa kila viraka viwili au vitatu vyenye maua, na ghafla kila ua linaonekana. Mimi napenda merikani, ile pamba nzito ya rangi ya krimu. Jina hilo lilibaki tangu karne ya 19, meli za wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, zilipokuwa zikikileta kitambaa hicho Zanzibar. Kinavumilia kufuliwa, na kila rangi ikikaa kando yake inang'aa. Kaniki nayo hufanya kazi hiyo hiyo kwa upande wa giza, ilimradi umeifua mpaka ikakoma.

Chagua pia rangi moja itakayorudi rudi. Katika blanketi la binti yangu ni njano. Haikupangwa kwa mstari, ila popote unapotazama kuna njano kidogo, na hiyo inafanya vipande vya watu ishirini tofauti vionekane vya nyumba moja. Maua makubwa ya kitenge usiyakate vidogo, utabaki na madoa yasiyo na maana. Yape kiraka kikubwa. Maua madogo ndiyo yanayopenda viraka vidogo.

Kabla ya kushona chochote, panga vyote juu ya mkeka. Panda juu ya stuli, vipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Utaona mara moja upande uliolemewa na giza na upande uliopauka. Badilisha. Acha usiku upite, tazama tena asubuhi. Nimewahi kuacha mkeka hivyo siku nne, familia ikipita pembeni kwa uvumilivu, na sijutii hata siku moja ya hizo.

Ushonaji wenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kata kipimo cha boksi gumu, sentimita 22 kwa 22, na kila kiraka ukikate kwa kufuata uzi wa kitambaa, si mshazari, kwa sababu mshazari huvutika na pembe hazitakutana. Shona ukiacha sentimita moja kila upande, kiraka kitabaki sentimita 20. Viraka 80, nane kwa kumi, vinatosha kitanda cha futi nne kwa sita na ziada ya kuning'inia. Lakini usianze na hicho. Anza na cha mtoto mchanga, viraka 25, tano kwa tano. Piga pasi kila mstari kabla ya kuuunga na mwenzake, mishono ya mstari wa kwanza ilalie kulia, ya pili kushoto, ili makutano yasiwe na nundu.

Kama huna cherehani, usikae kusubiri kununua. Kule Karnataka, India, wako Wasidi, watu ambao mababu zao walichukuliwa kutoka Afrika, wengi wakipitia Goa mikononi mwa Wareno. Wanawake wao hushona mablanketi ya nguo zilizochakaa yanayoitwa kawandi, kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipojifunza namna yao nilishangaa jinsi ilivyo ya akili. Hawaungi uso wa juu kwanza. Hutandaza kitambaa cha chini, aghalabu sari kuukuu, wakaanza kwenye pembe na kuzunguka kando, kila kiraka kikikunjwa ukingo na kulalia kilichotangulia, sindano ikiingia na kutoka katika tabaka zote. Huzunguka hivyo wakielekea katikati, na wanapofika katikati blanketi limekwisha. Kwenye pembe nne huweka vipande vilivyokunjwa vinavyoitwa phula, yaani ua, na blanketi lisilo na maua hayo huhesabiwa liko uchi. Nimeshona moja hivyo, dogo. Lilichukua muda mrefu, ila ndilo imara kuliko yote niliyonayo, kwa sababu hakuna sehemu ya kiganja kimoja isiyopitiwa na uzi.

Kwa namna ya kawaida, ndani weka blanketi kuukuu au shuka la flana lililochakaa. Usiweke sufi. Sufi ni nzuri kwa mto, lakini ndani ya blanketi hukimbilia pembe moja baada ya kufuliwa mara ya pili. Tandaza tabaka tatu sakafuni, zipige bandi, yaani uzishikize kwa mishono mirefu ya muda, kutoka katikati kwenda nje, kisha funga fundo kwenye kila makutano ya viraka kwa uzi wa pamba uliokunjwa mara nne. Uzi wa nailoni wa viatu ni imara mno, unakata kitambaa. Malizia na pindo la merikani kuzunguka kote. Na likifuliwa, lianike kivulini juu ya kamba mbili, si moja, kwani likiwa limelowa ni zito na uzito huo unavuta mishono.

Limebaki jambo moja ambalo naulizwa kwa sauti ya chini: kanga za marehemu. Mama yetu alipofariki aliacha sanduku la kanga, na dada zangu wakataka nizishonee blanketi. Niliogopa mkasi. Ushauri wangu ni kwamba usikate hata moja kabla ya kuketi na ndugu wote, na mama wadogo wakiwepo, kila mmoja akasema ni ipi asiyoweza kuiona imekatwa. Tulikaa siku nzima kwa hilo, tukicheka na kulia, kila kanga na hadithi yake, hii ya harusi ya nani, ile alimfungia nani mgongoni.

Kisha kata kwa kuzingatia sehemu za kanga. Mji, ile sehemu ya katikati, hutoa viraka vikubwa, pindo hukatwa kuwa mistari ya kuzungushia kando, na jina, yale maneno yaliyoandikwa, usilivunje katikati. Lichomoe zima, kama utepe, na ulishone upande wa kichwani mahali linaposomeka. La kwetu linasema "Mgeni njoo mwenyeji apone". Na kwa kuwa kanga huja mbili mbili, tulikata moja moja kutoka kila doti. Za pili ziko kwenye sanduku lile lile, nzima, na dada yangu mkubwa ndiye anayeshika ufunguo.