Raketi mpya, mipira yote nje: kosa la raketi au la mkono?

SWALI: Kocha, shikamoo. Nacheza mpira wa meza hapa Tanga, mwezi wa tisa sasa. Nilikuwa natumia raketi za klabu na topspini zangu, yaani mipira ya kuzungusha kwenda mbele, zilikuwa zinaingia vizuri tu. Mwezi uliopita mjomba wangu aliyeko Muscat aliniletea raketi ya kaboni yenye raba za Tenergy 05 zenye sponji ya milimita 2.1 pande zote mbili. Tangu siku hiyo topspini zinapita meza, na sevu (mipira ya kuanzishia) fupi za wenzangu nikizigusa tu zinaruka juu. Mwalimu wetu anasema nimeharibika mkono. Rafiki yangu anasema niuze raketi. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Wote wawili wana haki nusu nusu, ila wamemsahau mshukiwa mkubwa, ambaye ni ile raketi ya klabu.

Raketi hizo nazijua. Raba imeng'aa kama sahani na haijabadilishwa tangu inunuliwe. Raba ya namna hiyo haing'ati mpira. Ukiuparaza unateleza na kuangukia wavuni. Kwa hiyo mkono wako, bila mtu kukuambia, ulijifunza kuufungua uso wa raketi na kuusukuma mpira juu. Ulipoingia, ukaiita topspini. Kwa kweli ulikuwa unainua mpira, na kwa raba iliyokufa hiyo ndiyo njia pekee inayolipa.

Sasa chukua mkono uleule uupe Tenergy 05. Mpira hukaa kwenye raketi kwa takribani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mdogo raba hii huushika, sponji iliyo chini yake hubonyea, kisha huurusha kwa upinde wa juu kuliko raba nyingi. Wewe tayari umeufungua uso wa raketi, raba nayo inauinua, na nyuma yake kuna kaboni inayosukuma. Meza ina urefu wa mita 2.74 tu. Mpira utaishia wapi kama si ukutani?

Sevu fupi ni hadithi ileile. Raba iliyokufa haisikii mzunguko wa mpinzani, kwa hiyo ulizoea kugusa tu na mpira ukarudi. Raba hai husikia kila kitu. Mpira wenye mzunguko wa pembeni ukiugusa bila kujiamulia unachotaka kuufanya, wenyewe ndio utakaoamua.

Mpaka hapo hakuna lililoharibika. Linaloniogopesha ni hatua inayofuata, na kwa maelezo yako nahisi umeshaianza. Mchezaji akiona mipira inatoka huanza kufunga breki. Anafupisha mkono na kuupunguzia mwendo kabla hajagusa mpira. Lakini mzunguko unatokana na mwendo wa raketi, na mzunguko ndio unaouvuta mpira kushuka mezani. Ukifunga breki unapoteza kile chenyewe kinachouingiza mpira, nao unatoka tena, nawe unazidi kufunga. Miezi mitatu ya hivyo, mwalimu wako atakuwa amesema kweli.

Jipime kabla ya kununua kitu. Mwombe mwenzako akupe mipira 20 iliyokatwa (yenye mzunguko wa kurudi nyuma), sehemu ileile, uipige kwa upande wa kiganja kwa raketi mpya. Simu iwe inarekodi. Angalia raketi inapoishia: ikisimama kabla ya kufika usawa wa paji la uso, unafunga breki. Sikiliza na sauti pia. Mpira ulioparazwa hutoa mlio mwembamba, uliogongwa hulia "paa". Kisha rudia mipira 20 kwa raketi ya klabu. Nadhani utaona uso wa raketi uko wazi vilevile mara zote mbili, na hapo utajua kosa lilianza lini.

Ushauri wangu: usirudi kwenye raketi ya klabu, maana itakufundisha tena ulichojifunza. Unachohitaji ni raba inayong'ata bila kukimbia. Tafuta ubao (raketi bila raba) wa mbao tupu wa tabaka tano, gramu 80 hadi 88 hivi, na raba ya uso usio na vipele yenye sponji ya milimita 1.8 au 2.0. Sponji nyembamba hukufanya uisikie mbao mapema na hupunguza ule mrusho usiouomba, hasa kwenye mipira mifupi. Utapoteza nguvu kidogo ukiwa mbali na meza, lakini mchezaji wa miezi tisa hana kazi kubwa huko nyuma. Kwenye mkono wenyewe, funga uso wa raketi zaidi ya unavyodhani inafaa, anzia gotini, na uongeze mwendo badala ya kuupunguza. Siku mbili za kwanza mipira itaingia wavuni. Iache iingie.

Najua utaniuliza mbona mabingwa wanatumia vitu vikali. Vifaa vyao vinajibu matatizo yao. Mchina Ma Long, bingwa wa Olimpiki, ametumia Hurricane 3, raba ngumu yenye kunata, ambayo bila miguu na kiuno haitoi kitu. Mtu anayepiga kwa mkono pekee akiitumia atapata wavu na maumivu ya bega. Na wao pia vifaa vimewafinyanga. Mwaka 1952 kule Bombay, Mjapani Hiroji Satoh alitwaa ubingwa wa dunia kwa raketi ya sponji nene, wakati wapinzani walizoea raba ya vipele inayolia kila ikigusa mpira. Hawakusikia kitu, na mpira uliwafikia kabla hawajajiandaa.

Kuna atakayekushawishi uweke raba ya vipele virefu upande wa mgongo wa mkono ili sevu zisikusumbue. Mchina Deng Yaping alicheza hivyo, akachukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1992 na 1996. Ila alijengwa hivyo kwa makusudi. Wewe ungekuwa unaukimbia mkono ambao hujaufundisha bado.

Kaboni ya mjomba usiiuze. Bandua raba taratibu, ukivuta kwa kufuata nyuzi za mbao ili zisichunike, kisha ujaribu kuzihamishia kwenye ubao mpya kwa gundi ya maji kama vipimo vinalingana. Zitabaki kali kwa sababu ni 2.1, lakini kwa mtu asiyetaka kutumia pesa mara mbili ni hatua nzuri ya kwanza. Na kwa hewa ya Tanga, futa raba kwa sponji yenye unyevu kidogo kila ukimaliza, ikauke, uifunike karatasi yake ya plastiki. Vumbi na unyevu wa pwani huiua raba nzuri upesi sana.

Ukinitumia video, weka simu ubavuni mwa meza usawa wa wavu. Ukirekodi kutoka nyuma yako nitaona mgongo tu.