Glovu haziondoi haja ya kunawa: majibu kwa wahudumu wa makao ya wazee Marekani

Swali: Nikishavaa glovu, bado nina haja ya kunawa mikono?

Jibu: Haja ipo, ndugu yangu, kabla ya kuvaa na mara tu baada ya kuvua, kwa sababu glovu huweza kuwa na tundu lisiloonekana kwa macho na mkono huchafuka kwa urahisi wakati wa kuivua. Kosa linaloniumiza zaidi ni la mhudumu aliyekwisha kumbadilisha mzee nepi, kisha kwa glovu zile zile akavuta pazia, akashika rimoti ya kitanda na kumsogezea mzee glasi ya maji. Glasi hiyo inakwenda mdomoni. Kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60 kinafaa mara nyingi, lakini mzee akiwa anaharisha kutokana na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, tumia maji na sabuni, maana spora za bakteria huyo, yaani hali yake ngumu ya kujihifadhi, haziuliwi na alkoholi. Huondoka kwa kusuguliwa na kusuuzwa.

Swali: Kwa nini tuvae gauni la kinga kwa bibi asiye na homa wala kikohozi, eti kwa kuwa ana mpira wa mkojo? Naona kama tunamdhalilisha.

Jibu: Mpira wa mkojo, mrija wa kulishia na kidonda cha muda mrefu ni milango ya vijidudu sugu kwa dawa, ambavyo mtu huweza kuvibeba bila dalili yoyote na mhudumu akavihamishia kwa mwingine kupitia nguo zake. Ndiyo maana tangu 1 Aprili 2024 makao yanayolipwa na Medicare na Medicaid, mipango ya serikali ya bima ya afya, yanatakiwa kutumia gauni na glovu wakati wa kumwogesha, kumvisha au kumnyanyua mkazi wa namna hiyo, na hata wakati wa kumbadilishia shuka. Bibi hafungiwi chumbani; anakula na wenzake kama kawaida. Mweleze sababu kabla hujavaa, kwa sauti anayoisikia, kwani heshima yake imo humo.

Swali: Kipi kivuliwe kwanza?

Jibu: Glovu, kisha miwani ya kinga, kisha gauni ukilikunja upande mchafu uingie ndani. Barakoa ya N95, ile inayobana uso na kuchuja hewa, hubaki usoni mpaka utoke na kufunga mlango; ukishaivua, unasafisha mikono.

Swali: Nina mafua kidogo, na nisipokwenda kazini silipwi. Nivae barakoa niende?

Jibu: Najua kodi ya nyumba haisubiri. Hata hivyo, mwaka 2020, korona ilipoingia katika makao ya wazee ya Kirkland, jimbo la Washington, wachunguzi walitaja miongoni mwa sababu za kuenea kwake wahudumu waliofanya kazi wakiwa na dalili na waliohudumu katika makao zaidi ya moja. Mpigie simu msimamizi kabla ya zamu, mtajie dalili zako, uombe kipimo, na kama una kazi ya pili, wajulishe na huko.