Shangazi, benki imekataa kuninunulia madeni

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ilemela, nina watoto watatu. Baada ya makato, mkopo wa benki ukiwemo, mshahara unaingia 410,000. Kikoba wananidai 300,000. Kwa mtu wa kausha damu, hii mikopo ya mtaani ya riba kubwa, nilichukua milioni moja, akabaki na kadi yangu ya benki na namba ya siri. Kila mwezi anatoa 200,000, sasa miezi sita, na anasema milioni yake bado iko palepale. Nakopa pia kwenye simu, tarehe nimekuorodheshea. Programu moja imemtumia mwalimu mkuu meseji kwamba mimi ni tapeli. Niliomba benki inunue madeni yote nibaki na deni moja, wamekataa. Kuna dalali anasema atanipitisha benki nyingine. Mume wangu ana mtumbwi wa dagaa Igombe, hajui lolote. Nafikiria kuuza cherehani yangu. Nisaidie.*

Marahaba, mwanangu.

Dalali mwache leo hii. Benki haikukuonea. Mtumishi wa umma anatakiwa abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato, na wewe umeshafika ukingoni. Huyo anayeahidi kukupitisha atakupitisha kwa hati ya mshahara ya kughushi. Ikigundulika, atakayeitwa kujieleza ni wewe. Na hata kama benki ingekubali, sina hakika ingekuponya, nitakwambia kwa nini.

Kwanza huyu wa kausha damu. Ulichukua milioni moja, ameshatoa 1,200,000, na deni halijapungua hata shilingi. Hiyo ni riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Wakopeshaji wenye leseni ya Benki Kuu wamewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kama biashara lazima awe na leseni. Basi mfuate, usiende peke yako, nenda na mtu mzima anayejua kuongea. Omba kuona leseni, na akupe kwa maandishi: ulichukua kiasi gani, umelipa kiasi gani, kimebaki nini. Kisha mwambie hivi: ile 200,000 anayochukua kila mwezi, kuanzia sasa ikate mtaji. Kwa riba halali ya hilo salio linaloshuka, ndani ya miezi sita mmemalizana. Wewe hutoi zaidi ya unachotoa sasa, kinachobadilika ni pesa inakoingia.

Kadi usiibembeleze. Nenda benki yako kabla ya tarehe ya mshahara, ifungwe, upewe nyingine na namba mpya ya siri. Akipiga kelele, Benki Kuu ina tawi hapa Mwanza na malalamiko ya namna hii wanayapokea. Sikwambii umdhulumu. Deni lipo na ulilipe, ila kwa mkono wako.

Sasa hizo tarehe za mikopo ya simu. Nimekaa nazo na kalenda, na kinachoonekana kimenishangaza kuliko madeni yenyewe. Karibu zote zimeangukia mbalamwezi. Wewe ni mke wa mvuvi, hili unalijua kuliko mimi: taa za dagaa zinafanya kazi kwenye giza, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Siku hizo Igombe mitumbwi imepandishwa mchangani, vijana wanashona nyavu, na baba watoto harudi na kitu. Nyumba inabaki inategemea mshahara wako, ambao nusu yake imeshachukuliwa na mwenye kadi. Unafungua simu. Giza likirudi, pesa ya dagaa inalipa simu badala ya kununua unga, na mwezi ujao mchezo ni uleule. Hili shimo benki isingeliziba. Ingekupa deni moja zuri, na mbalamwezi ya kwanza ungekopa tena juu yake.

Ndiyo maana baba watoto lazima ajue. Hapa siongelei uaminifu wa ndoa, hilo mtalimaliza wenyewe chumbani. Naongelea unga. Yeye ndiye mwenye pesa ya giza, na hawezi kutenga sehemu yake kwa ajili ya siku za mwezi kama anaamini mshahara wako mzima unafika nyumbani. Mwambie akiwa ametoka kuuza, ameshakula na kulala, siyo alfajiri anashuka mtumbwini na usingizi. Mpe karatasi yenye tarakimu zote, usimpe nusu. Ataudhika. Nusu nyingine akiisikia kwa watu ataudhika zaidi. Mkubaliane kiasi cha kuweka kando kila giza, hata kama ni debe mbili za dagaa wakavu za kuuza mwezi ukiwaka.

Kikoba usikikimbie. Nenda kwa mwenyekiti kabla ya siku ya kikao, mwambie utaleta kidogo kidogo, na uliza kama hisa zako zinaweza kukatwa deni wakati wa mgao. Vikundi vingi vinakubali. Wale ni watu watakaokuja msibani kwako, wanastahili kusikia kutoka mdomoni mwako.

Hiyo programu iliyokuchafua: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na meseji za kudhalilisha watu ndiyo tabia yao. Hifadhi picha ya ile meseji, itahitajika ukilalamika. Mwalimu mkuu mweleze kwa kifupi, asidhani kuna kesi.

Cherehani usiuze. Ukiuza sasa utapata bei ya mtu mwenye shida, nayo itaingia kwa huyo wa kausha damu na kumezwa kama riba. Shule zinafunguliwa Januari na wazazi wa mtaani kwako watatafuta fundi wa sare. Anza kuchukua oda Novemba, kwa malipo ya awali, na kitambaa waje nacho wenyewe.