Kwa dada aliyeuliza "mwachie Mungu" maana yake nini: kisa cha mama na mshipa wa shingo

Assalaam alaykum dada yangu. Umeandika kwamba mumeo yuko kitandani mwezi wa nne sasa tangu ajali ya bodaboda, wadai hawakauki kwenye simu, na wewe unaswali vipindi vyote vitano lakini ukizima taa moyo unakwenda mbio kama mtu anayefukuzwa. Ukauliza: hao wanaosema "mwachie Mungu", wanamwachiaje? Nimelisoma swali lako mara tatu, kwa sababu nililibeba hilo hilo zaidi ya miaka miwili. Mimi si sheikh, ni fundi cherehani. Nakueleza yaliyonipata.

Mama yangu figo zilifeli. Sukari na presha zilikuwa zinazila pole pole, sisi hatuna habari. Kuanzia hapo ikawa kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila zamu. Tulikuwa tunatoka Mbagala saa kumi usiku ili awahi zamu ya kwanza. Aliyepita njia hii anaijua: mgonjwa anapimwa uzito akiingia, anapimwa tena akitoka, na zile kilo zilizopungua ni maji yaliyomjaa mwilini tangu zamu iliyopita, kwa kuwa mkojo hautoki tena. Mama, mtu wa Tanga aliyezoea birika zima la chai ya tangawizi, akawa anapimiwa maji kwa kikombe cha kahawa, tena kwenye joto la Dar la mwezi wa pili. Alikuwa anayashika mdomoni muda mrefu kabla ya kuyameza. Hilo ndilo lililokuwa likiniumiza kuliko hata mashine. Ya fedha niyapitie tu: kiwanja kiliuzwa, cherehani mbili kati ya tatu zikaenda, na madeni juu.

Kila aliyekuja kutujulia hali alisema neno lile lile, subira, mwachie Mungu. Nikaanza kulichukia, astaghfirullah. Nilikuwa nahisi naambiwa ninyamaze. Kuswali niliswali, lakini dua zangu zilikuwa kama simu ya mtu anayeomba mkopo: nataja shida, nataja kiasi, nakata.

Miezi ile ya mwanzo mama alikuwa bado anatumia mpira wa shingoni wa kupitishia damu, ule unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa upande wa kulia. Ijumaa moja presha yake ilishuka katikati ya zamu. Wauguzi wakamwinua miguu, wakamwongezea maji ya dripu, mashine inalia, mimi nimemshika mkono na nguvu zimeniisha. Macho yangu yalikuwa kwenye ule mpira tu, damu inatoka, damu inarudi. Baadaye kidogo akafumbua macho na kusoma kwa sauti ndogo sana aya aliyoihifadhi chuo cha Qur'ani tangu utotoni, "Wa nahnu aqrabu ilayhi min hablil warid." Nasi tuko karibu naye zaidi kuliko mshipa wa shingo. Surat Qaf, aya ya 16. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mpira umefika mpaka ndani ya mshipa wenyewe. Na Yeye yuko karibu kuliko huo."

Aya hiyo nilishaisikia kwenye mawaidha mara zisizo na idadi. Siku ile nilikuwa nautazama mshipa wenyewe.

Dada, sitakudanganya kwamba kuna kilichobadilika nje. Mashine iliendelea kulia, na jioni yake mdai alipiga. Lakini nilitambua kwamba muda wote nilikuwa namwita Mola kama mtu anayemwita nahodha wa chombo kilicho mbali, nasubiri kitie nanga ndipo nipumue. Kumbe nilikuwa napiga kelele kwa Aliye karibu.

Baadaye waliunganisha mishipa miwili kwenye mkono wake wa kushoto ili damu ipitie hapo na mpira uondolewe. Tukafundishwa kuweka kidole pale kila asubuhi. Pakiwa na mtetemo njia iko wazi, usipousikia kimbieni hospitali. Kwa hiyo kila alfajiri naweka kidole, na mtetemo naupata, mwepesi, kama simu iliyozimwa sauti. Hapo ndipo nilipoanza kutamka majina mawili tu, Ya Samiu, Ya Basiru. Ewe Unayesikia, Ewe Unayeona. Sekunde chache, kisha naendelea na kumvisha viatu. Nikarudia kwenye daladala, kwenye foleni ya dawa, nikiwa natia uzi kwenye sindano. Siku nyingine nilisahau mpaka magharibi. Nikikumbuka nilirudi, sikujilaumu.

Majina hayo niliyatoa Surat Taha. Musa na Harun walipoamriwa waende kwa Firauni walisema wazi kwamba wanaogopa, na hao ni mitume. Hawakukaripiwa. Jibu lilikuwa msiogope, Mimi niko pamoja nanyi, nasikia na ninaona. Pale hawakuahidiwa kwamba Firauni atalainika. Waliambiwa tu hawaendi peke yao, wakaondoka na hilo.

Kwa hiyo moyo kwenda mbio usiuhesabu kuwa ni upungufu wa imani. Nabii Yaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na bado alisema sikitiko na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho. Anayekuambia usilie anakutaka uwe na subira wasiyokuwa nayo manabii.

Usiku ukishtuka, usianze kupiga hesabu za madeni ukiwa umelala. Kaa kitako, miguu sakafuni, umwambie jambo moja kama lilivyo: "Mola wangu, fulani atapiga kesho saa tatu na sina cha kumwambia." Usiombe kitu bado. Mwambie, kisha kaa kimya mbele Yake kidogo. Usiku wa kwanza mimi sikuhisi chochote, wa pili pia. Nadhani ilikuwa wiki ya tatu nilipogundua kwamba nimelala bila kujua nimelala saa ngapi. Asubuhi ile nilimfuata mdai mkubwa dukani kwake mwenyewe, kabla hajanipigia, tukakubaliana nilipe kidogo kidogo kila Jumamosi. Miezi mitano nyuma nisingethubutu. Na usingizi ukikukataa wiki hadi wiki, chakula hakipiti, mwone daktari pia. Mama alikuwa na aya yake na mashine yake, hakuiacha hata moja.

Mama alifariki Jumapili alfajiri, siku isiyo ya zamu. Nilimwekea kidole mkononi kama kawaida, mtetemo haukuwepo. Ulimi ulishazoea, ukayatamka majina yale mawili wenyewe, halafu nikalia mpaka dada yangu akaja kunishika bega.

Cherehani iliyobaki ninayo, nashona, na mdai amebaki mmoja. Jumatatu saa kumi usiku huwa naamka bila kengele, nakaa kitandani miguu sakafuni. Jumatatu hii nitakutaja wewe na mumeo.