Natumia estrojeni, mbona sauti haibadiliki?

SWALI: Mimi ni mwanamke niliyebadili jinsia. Nimetumia estrojeni, homoni ya kike, kwa zaidi ya mwaka; mwili umebadilika, sauti iko vilevile. Kwenye simu bado naitwa kaka. Nikijilazimisha kuongea kwa sauti nyembamba, jioni koo linauma na sauti inakauka. Nakosea wapi?

JIBU: Dada yangu, dawa zako hazina kasoro. Wakati wa balehe testosteroni, homoni ya kiume, hurefusha na kunenepesha nyuzi za sauti, na estrojeni haizirudishi zilivyokuwa. Wanaume waliobadili jinsia hali yao ni tofauti, kwani testosteroni huwashushia sauti ndani ya miezi michache. Wewe njia yako ni mazoezi.

Kwanza hayo maumivu, maana ndiyo yanayonitia wasiwasi. Unabana koo, nyuzi zinasuguana kwa nguvu. Acha kabisa kujilazimisha. Sauti ikiendelea kukwaruza zaidi ya wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo azikague.

Tatizo ni kwamba unahangaikia wembamba peke yake. Nyuzi za wanaume wengi hutetema kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde wanapoongea, za wanawake wengi 180 hadi 220. Lakini msikilizaji husikiliza pia mvumo, yaani umbo ambalo koo na kinywa huipa sauti. Unaweza kufika 220 ukaendelea kusikika kama mwanamume anayejikaza, na mwingine akasikika mwanamke kwa 170. Kwenye simu mvumo una uzito zaidi: laini ya kawaida hubeba takriban mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde tu, kwa hiyo ule mtetemo wa msingi haupiti, sikio huukisia.

Jaribu hivi. Weka kidole kwenye kikoromeo, piga miayo: kinashuka. Sasa nong'ona "hiii", ulimi ukiwa mbele na juu: kinapanda kidogo, na mnong'ono unasikika mwepesi. Shikilia umbo hilo, kisha ongeza sauti taratibu, kwanza "mmm-iii", halafu neno moja, halafu sentensi. Dakika tano tano, mara kadhaa kwa siku, ukijirekodi. Ukihisi kubanwa, pumzika, puliza "uuu" kwa mrija ndani ya glasi ya maji. Hulegeza koo vizuri sana.

Upasuaji upo. Hufupisha sehemu ya nyuzi inayotetema, lakini mvumo hauguswi, na sauti inaweza kupungua nguvu. Ningekushauri uanze na mazoezi.

Ukitafuta mtaalamu wa tiba ya usemi, mweleze unataka kusikikaje na wapi. Wapo wasiojitambua kama wanawake wala wanaume wanaotaka sauti ya katikati, au sauti mbili za kubadilisha, na yote hayo hufundishika. Akikupangia lengo kabla ya kukuuliza, tafuta mwingine.