Kilo za sangara hazijipangi? Tafuta NaN

Ndugu yangu wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, umeuliza kwa nini programu yako ya Python haipangi kilo za sangara, na kwa nini sharti la uzito == nan halinasi kitu.

Mzani usiposoma, safu yako inapata NaN, yaani thamani isiyo namba. Kwa kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, yaani kiwango cha jinsi kompyuta inavyoshika namba za desimali, NaN hailingani na chochote, hata yenyewe; <, > na == zote zinajibu si kweli, na != peke yake hujibu kweli. Ndiyo maana ukipanga [42.0, nan, 17.5] kwa sorted, amri ya Python ya kupanga, inarudi vilevile ilivyo, bila onyo. Nayo max([nan, 42.0]) inatoa nan, lakini ukigeuza mpangilio inatoa 42.0.

Hatari kubwa zaidi ni sharti la kukataa. "if uzito < 0.5: kataa" inapitisha NaN kama mzigo halali. Andika "if not uzito >= 0.5: kataa", hapo itanaswa.

Kagua mlangoni kwa math.isnan(uzito), weka rekodi hiyo kando samaki apimwe upya, halafu panga zilizobaki. Usijaze 0, maana utashusha wastani na mvuvi atapunjwa.

Kwa maoni yangu, lugha ya programu isipange NaN kimyakimya. Java, kwa kilinganishi chake Double.compare, huiweka NaN juu ya namba zote. Rust ndiyo naipenda: sort() ya kawaida haikubali namba za desimali mpaka uchague mwenyewe kanuni, kwa mfano total_cmp, inayoipa hata NaN nafasi yake.