Maswali ya Wasomaji: Historia ya Mbao za Babu

SWALI: Mhariri, shikamoo. Familia yetu hapa Tabora imeuza mbao kwa vizazi vitatu, tangu babu alipokuwa akipasua mninga kwa msumeno wa mkono. Tunataka kuandika historia hiyo kabla wazee hawajatutoka. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Anzeni na msumeno wenyewe, kama bado upo, kwa kuwa mpasuaji mzee akiushika mpini atakumbuka mengi ambayo maswali matupu yasingeyaibua: nani alisimama juu ya gogo akifuata mstari, nani alikuwa shimoni, chini ya gogo, akivuta huku unga wa mbao ukimwingia machoni, na jinsi utomvu wa mninga, mwekundu kama damu, ulivyowaganda mikononi. Hao wa shimoni husahaulika upesi, nami ningependa majina yao yaandikwe kabla ya jina la mwenye mali.

Kisha tafuteni karatasi: leseni za uvunaji, hati za kusafirishia mazao ya misitu na stakabadhi za reli, kwa maana Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyorahisisha kupeleka mizigo mizito hadi Dar es Salaam. Someni pia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mpate kueleza masharti ya uvunaji ya sasa. Tena msifiche habari za msitu wenyewe; andikeni babu aliufuata mninga umbali gani kutoka mjini, na lori lenu linaufuata umbali gani leo.